Mtaa Usiozimwa

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, nchi mbili kubwa zilipigana sebuleni kwa Fundi, na hakuna iliyowahi kushinda. Upande mmoja alikaa mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Swichi kwa sababu ya kazi yake ya kituo cha umeme. Upande wa pili, ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye cherehani, alikuwapo shemeji yake, Ng'ambo, aliyehamia nchi jirani zamani na tangu hapo akawa anaisifia kana kwamba aliijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Silaha zilikuwa zilezile. Ng'ambo angesema treni za kule zinafika kabla abiria hajamaliza kufikiria safari. Swichi angejibu kwamba huku mtu akianguka barabarani anaokotwa, kule anarukwa. Ng'ambo angesema barabara za kule hazina shimo hata la kupanda kitunguu. Swichi angeuliza ni lini mara ya mwisho jirani alimgongea mlango kumjulia hali, na mdogo wake angeng'aka kwamba tangu lini kugongeana milango kukawa maendeleo.

"Nilizaa watoto wawili," Bibi alisema kutoka kitandani kwake karibu na dirisha, akitafuta pumzi kati ya neno na neno. "Sasa nina serikali mbili."

Wote walicheka, hata simu ilicheka. Bibi alikuwa mama yao, na mapafu yake yalikuwa yameliwa na vumbi la kiwanda cha pamba alichokitumikia ujana wake wote. Pembeni ya kitanda ilinguruma mashine ya oksijeni waliyoazimwa na hospitali, na mpira wake mwembamba ulipanda mpaka puani mwake. Watu wa nyumba ile hawakuusikia tena mngurumo huo. Walichosikia ni pale uliponyamaza, na Fundi, ambaye ndiye aliyeshinda na mama mkwe mchana kutwa huku akishona nguo za watu, aliuogopa ukimya ule kuliko kitu chochote.

"Halafu umeme," Ng'ambo aliongeza, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuacha mchezo sare. "Huku haukatiki. Tangu nifike sijawahi kuona giza."

Swichi alibadilisha mazungumzo akaanza habari za zahanati. Huku, alisema, zahanati hazimwombi mgonjwa kadi ya bima mlangoni. Habari za mgao wa umeme hakuzigusa, na hakuwa amezigusa tangu mgao uanze. Aibu ya nchi yake aliificha kama mtu anavyoficha ufa wa ukuta kwa kutundika kalenda.

Mgao ulikuja pale mitambo mikuukuu ilipoanza kufa mmoja mmoja. Jiji lilikatwa vipande, kila kipande na laini yake, kila laini na zamu yake ya giza. Swichi ndiye aliyekaa kwenye chumba cha kituo akisubiri simu ya kituo kikuu. Wakubwa wa kule hawakujali ni mtaa gani, walitaka mzigo wa umeme upungue tu. Kuzima kulikuwa kwa mkono wake mwenyewe. Kuwasha hakukuwa kwa mkono wake, kuwasha kulihitaji kituo kikuu kipige hesabu zake na kuruhusu. Alimweleza mkewe hayo siku moja wakinywa chai, kwa majivuno kidogo, kama mwanamume anayeeleza mambo ya ofisini.

Mwanzoni mtaa wao ulizimwa kama mitaa mingine. Mara ya kwanza Fundi alifungua mtungi wa oksijeni wa akiba, akakaa ameukodolea macho mshale wa kipimo ukishuka. Mara ya pili mtungi ulielekea kwisha kabla umeme haujarudi, na midomo ya Bibi ikageuka rangi ya jivu. Fundi alimshika mkono akamwimbia wimbo wa kubembelezea watoto, maana akili haikumletea kingine. Jioni ile alimsimulia mumewe yote. Swichi alisikiliza, hakula, akaenda kulala.

Baada ya hapo mtaa haukuzimwa tena.

Majirani walikuwa wa kwanza kugundua. Mwenye nyumba, aliyeishi chini na kuuza soda na barafu, alianza kumpandishia Fundi barafu bila kuombwa. Kinyozi wa upande wa pili wa barabara alikataa kumtoza Swichi hela ya kunyoa, akasema mtaa wenye mtu wake haulali njaa. Kwenye foleni ya bomba Fundi alisalimiwa na watu ambao zamani walimpita kama nguzo. Alifurahi, kwa nini aongope. Alifurahi na hakuuliza, kwa sababu alihofu atakachojibiwa.

Jibu lilimfuata mwenyewe nyumbani, tena kwa miguu yake. Mteja wake mmoja alikuwa mkunga wa zahanati ya kilimani, mwanamke mnene mwenye maneno machache, na siku hiyo alileta sare yake iliyochanika kwapani. Akiwa anasubiri ishonwe, aliiangalia taa ya sebuleni kwa muda mrefu.

"Kwenu hamjui giza," alisema.

Fundi alikanyaga cherehani, akajibu kwamba ni bahati tu.

"Sisi tunazimwa mara mbili. Zamu yetu, halafu na ya mtu mwingine simjui." Mkunga alijipepea kwa kiganja. "Juzi nimempulizia mtoto kwa mdomo wangu mpaka umeme uliporudi."

"Alipona?"

"Huyo alipona."

Sindano ilikatika. Fundi aliinama kuitafuta chini ya meza na akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu uso wake ulikuwa umemsaliti. Malipo alikataa. Mkunga alimshukuru sana, na shukrani hiyo ilimchoma.

*

Swichi aliporudi, alimvutia jikoni na kufunga mlango ili Bibi asisikie. Alimuuliza moja kwa moja kama ni kweli. Mumewe hakukana. Alisema ilianza siku moja tu, ikawa mbili, kisha mkono ukazoea. Zamu ya mtaa wao ikifika anazima laini ya kilimani badala yake, kwa kuwa mizigo ya laini hizo mbili inalingana na kituo kikuu hakioni tofauti.

"Kuna zahanati kule," Fundi alisema.

"Najua."

"Kuna watoto."

"Ulitaka nifanyeje? Nimzime mama?"

"Na yule wa kule ana mama yake."

"Huyo simjui," Swichi alisema, na aliposikia alichokitamka akakaa juu ya ndoo na kufunika uso.

Hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Alikuwa mtu mwoga mwenye swichi. Alimwambia mkewe, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba watu wa kilimani wamelalamika na sasa kuna mkaguzi anazunguka vituo. Akikamatwa, kazi haipo, nyumba haipo, na huenda akalala mahabusu. Mchuma janga hula na wa kwao, Fundi aliwaza, na wa kwao walikuwa yeye, watoto wawili waliokuwa shuleni, na mwanamke mzee aliyekuwa akipumua upande wa pili wa ukuta.

Alisema dawa ni moja, Bibi aende kwa Ng'ambo, kwenye umeme usiokatika. Swichi aliinua kichwa.

"Nimwambie nini? Kwamba amenishinda?"

Fundi alimtazama asiamini. Mama yake anapungukiwa pumzi, na yeye bado yuko uwanjani.

*

Kesho yake alitoka na simu mpaka kwenye ngazi akapiga mwenyewe. Haikuwa Jumapili, na Ng'ambo alipokea kwa wasiwasi, akiuliza kama mama yuko hai. Nyuma yake kulikuwa na taa nyeupe zilizomeremeta, na watu wakipita mbio bila kuangaliana. Fundi alimwaga yote, mgao, mtungi, laini ya kilimani na mkaguzi.

"Mchukue mama, shemeji. Nauli tutapata, nitauza cherehani."

 Kelele za nyuma ya Ng'ambo zilipanda, kukatangazwa kitu, zikashuka.

"Hapo ni wapi?" Fundi aliuliza.

"Stesheni."

"Unasafiri?"

"Nachaji simu." Aliisogeza simu karibu na uso, na Fundi akaona kwa mara ya kwanza jinsi mashavu yalivyobonyea. "Nisikilize, shemeji. Mimi sikusema uongo. Huku umeme haukatiki, unakatwa. Kazi iliisha, nikachelewa kulipa, mita ikanizima yenyewe. Hakuna hata mtu wa kumkasirikia. Jengo zima linawaka, chumba changu ndicho giza. Kwenu likiingia giza mnatoka nje wote mnaitukana serikali. Mimi nimtukane nani?"

Fundi alikaa kwenye ngazi. Ng'ambo aliendelea, maana aliyekwisha kufungua mdomo namna ile hawezi kuufunga. Alisema kwamba hospitali za kule zina kila kitu isipokuwa mlango wa mtu asiye na kadi. Alisema mzee wa chumba cha jirani yake alikufa na hakuna aliyejua mpaka harufu ilipotoka. Yeye mwenyewe alikuwa akipita mlango ule kila siku, na kila siku alikuwa na haraka.

"Mama nimlaze wapi? Stesheni?" Kisha, kwa sauti iliyovunjika: "Usimwambie kaka. Tafadhali."

Fundi aliahidi.  Siku zote alikuwa akiogopa, lakini nyuma ya woga ule palikuwa na mlango mdogo, ile nchi ya Jumapili yenye treni na taa, na aliamini kwamba mambo yakiharibika kabisa wataufungua. Sasa hakuna. Alirudi ndani akamgeuza Bibi ubavu, akamsugua mgongo kwa mafuta mpaka Bibi akamwambia yatosha.

*

Mkaguzi alifika kituoni siku ambayo mtambo mwingine ulikufa. Swichi alipiga simu asubuhi akiwa amejificha mahali, maneno yake yakitoka kwa mnong'ono. Mkaguzi ameleta kiti chake mwenyewe, ameketi ubavuni kwake. Adhuhuri ni zamu ya laini yao, na safari hii giza litakuwa refu. Hawezi kubadilisha. Simu wanaamriwa kuzizima.

"Nitazima mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wangu. Nisameheni."

Simu ikakatika kabla Fundi hajasema lolote. Aliugonga mtungi, akasoma mshale. Ulikuwa umebaki chini ya nusu, na bohari ya mitungi ilikuwa haina kitu tangu wiki iliyopita. Akasimama katikati ya sebule akifikiri kwa sauti kama kichaa. Kama mkaguzi amekaa pale na kila laini inafuata zamu yake, basi leo kilimani wana umeme. Alijaribu kumpigia mumewe amwambie anampeleka mama wapi. Simu ilikuwa imezimwa. Alijaribu tena, kisha tena, akaacha.

Umeme ulipokatika mashine ilitoa mlio mmoja mrefu ikanyamaza. Fundi alikuwa tayari, alifungua koki ya mtungi na kuhamisha mpira. Mlango uligongwa hapohapo. Mwenye nyumba alisimama pale mikono kiunoni, barafu yake ikiyeyuka kule chini, akauliza kama mwanamume wa humu amelala kazini leo au vipi, na kama amechoka kuutunza mtaa basi aseme watu wajue. Nyuma yake kinyozi alikuwa ameshika mashine yake ya kunyolea kama kielelezo mahakamani.  Fundi alisogea tu kando ili waone kitandani.

 Mwenye nyumba alivua kanga yake ya begani, akaikunja, akaiweka kwenye kiti cha jikoni.

"Shika miguu," alimwambia kinyozi.

Walimshusha Bibi ghorofa tatu akiwa ameketi kwenye kiti kile, mwenye nyumba mbele, kinyozi nyuma, Fundi pembeni amekumbatia mtungi. Mashine ilifuata, ikabebwa na kinyozi kwa safari ya pili. Pikapu ya soda ilitolewa kreti zake. Taa za njia panda zilikuwa zimekufa, magari yakapigiana honi na kuzibiana njia, na kila walipokwama Fundi aliangalia mshale.

"Mwambie Ng'ambo," Bibi alisema, akimeza hewa, "mashimo yetu... nimeyaonja yote... kwa mgongo."

Fundi alimwomba asiongee. Alitaka kulia na alitaka kucheka, akauma mdomo.

Zahanati ya kilimani ilikuwa inawaka.  Aliyewapokea ni yuleyule mkunga, katika sare ileile yenye mshono mpya kwapani.

"Mnatoka mtaa gani?" aliuliza, maana daftari linataka, ingawa alijua.

Fundi alitaja. Wanawake wawili waliokuwa kwenye benchi waligeuka kuwatazama. Jiji zima lilikwisha kujua mtaa usiozimwa.

"Leo kwenu wamezima?"

"Wamezima."

Mkunga alimwangalia Bibi, akaiangalia mashine. Kisha alichomoa birika la chai ukutani na kuchomeka mashine mahali pake. Hakuuliza kadi wala hela. Hapo mumewe hakuwa amedanganya kwenye simu za Jumapili, Fundi aliwaza, na wazo hilo lilimtia haya badala ya fahari. Mashine ilinguruma. Rangi ilianza kurudi midomoni mwa Bibi. Fundi alifunga koki ya mtungi kuokoa kilichobaki, akakaa sakafuni, mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza siku ile akavuta pumzi yake mwenyewe.

Katika chumba cha pili, mlango wazi, aliona visanduku viwili vya joto vya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na kila kimoja na mpira wake mdogo.

*

Simu yake ililia. Alikuwa Swichi, na sauti yake ilijaa furaha ya mtu aliyebeba zawadi.

"Ameondoka! Ameenda kituo kingine. Chomeka mashine, nimewarudishia."

"Umerudisha wapi?"

"Nyumbani. Umewaka, si ndiyo? Mama yukoje?"

Fundi alifungua mdomo. Taa ya juu yake ilizimika. Mashine ikatoa mlio wake mrefu, na kutoka chumba cha pili ikajibiwa na milio miwili midogo.

"Umezima wapi?" alisema, ingawa alikwisha kujua.

"Kilimani. Kituo kikuu kimeniruhusu kuwasha yetu, mradi nizime nyingine yenye mzigo uleule. Wewe chomeka tu."

"Tuko kilimani. Tumemleta mama zahanati."

Kiti kilisikika kikianguka upande wa pili. Fundi aliikandamiza simu sikioni.

"Washa," alimwambia.

"Siwezi. Kuwasha ni mpaka waruhusu tena." Alianza kuhema. "Nawapigia. Usikate, nawapigia kwa simu ya kituo sasa hivi."

Fundi aliitia simu kwenye mfuko wa kifuani bila kuikata, akafungua mtungi, akamvika Bibi mpira. Mshale uliegemea chini kabisa, lakini hewa ilikuwapo. Alipogeuka, mkunga alikuwa amesimama mlangoni na kitoto kisichozidi kiganja, akikiinamia, akipuliza kidogo, akikiinua, akipuliza tena. Macho yake yalikuwa kwenye mfuko wa Fundi. Alikuwa amesikia.

"Ni mumeo?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Alitamani atukanwe. Matusi angeyapokea yote.

"Ninao wawili," mkunga alisema. "Mmoja nampulizia kwa mdomo. Wa pili sina mdomo wa kumpa."

Akautazama mtungi. Hakuomba. Fundi aliishika koki kwa mikono miwili, na ukweli ni kwamba hakutaka kuiachia. Alimwosha Bibi, alimlisha, alimpenda kuliko mama yake aliyemzaa, na wale watoto hakuwajua. Alijisikia akiwaza hivyohivyo, kwa maneno ya mumewe, na akaogopa zaidi, lakini mikono haikulegea.

Bibi ndiye aliyeuvua mpira. Aliuvua taratibu, akaupitisha juu ya sikio moja, kisha la pili, kama mtu anayevua miwani.

"Mpe."

"Mama, hapana."

"Mwanangu amenipa... vya watu... vya kutosha." Akamsukumia mpira ule. "Nenda."

Fundi alikwenda. Aliubeba mtungi mpaka kisanduku cha pili, mkunga akamwonyesha kwa kidole pa kuunganisha huku akiendelea kupuliza, na wakasubiri mpaka kifua kile kidogo kilipoanza kupanda na kushuka. Kisha alikimbia kurudi. Bibi alikuwa ameketi wima, viganja juu ya magoti, shingo imekaza, akiisaka kila pumzi peke yake. Fundi alipiga magoti akamkumbatia kiuno.

Mfukoni sauti ya mumewe ilikuwa ikiita. Aliitoa simu.

"Wananiambia nisubiri," Swichi alisema. "Mtungi mnao? Mama anapumua? Niambie anapumua."

 Fundi aliisogeza simu midomoni mwa Bibi na kuiacha hapo, ili asikilize mwenyewe. Ilikuja pumzi moja, ikaja nyingine, na ya tatu ikachelewa. Kutoka upande wa pili, nyuma ya kilio cha mumewe, Fundi aliisikia sauti tulivu ya mtu wa kituo kikuu ikimwambia asubiri kidogo, hesabu bado haijatimia.